Chaki Chini ya Kiti

Shemeji yangu aliingia ndani ya gari, akakaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, akavuta mlango ukajifunga. Mikono akaiweka juu ya mapaja, kama abiria anayesubiri dereva amalize maneno na watu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya boneti iliyo wazi, kibanio cha betri mkononi. Kati yangu na yeye kulikuwa na kioo, viti viwili vya mbele, na waya mwekundu mnene kama kidole changu cha mwisho, ambao nilikuwa nimeupitisha mwenyewe asubuhi ile.

"Unganisha, shemeji," akasema kupitia dirishani.

Hakupandisha sauti. Angenifokea ningejua la kufanya, maana kelele nilizizoea. Ndizo zilizokuwa kazi yangu. Alisema kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Imepita miaka ishirini na miwili tangu asubuhi hiyo na bado nikilikumbuka neno lile mkono unakuwa mzito.

Siku hizo nilikuwa nimevimba kichwa. Nilifunga redio na spika kwenye magari, na nilijiona mji mzima hauna mwingine. Kijana yeyote aliyetaka gari lake litingishe madirisha ya majirani alikuja kwangu, na nilijisifu kwamba amplifaya naifunga kwa saa mbili, chai ikiwa bado ina joto. Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, kirefu, cha kuingia magari mawili yakifuatana. Mbele nilikaa mimi na nyaya zangu. Mwisho kabisa, penye dirisha, alikaa shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, na cherehani yake nzito ya kushonea ngozi, meza ya kukatia, vipande vya sponji vilivyorundikwa hadi darini, na kopo lililojaa chaki za rangi za kuchorea vitambaa. Alikuwa fundi wa viti vya magari.

Alihamia pale kwa sababu mke wangu aliniomba, na mimi nikakubali kwa mikogo ya mtu anayetoa sadaka. Ukweli ni kwamba wateja waliomfuata yeye walikuwa wengi kuliko waliokuja kwangu. Hilo nililiona, nikajifanya hamnazo.

"Mimi nahudumia masikio ya watu, shemeji," nilimwambia siku moja mbele ya wateja. "Wewe unahudumia makalio."

Akakata uzi kwa meno bila kuinua uso. "Masikio yanachoka, shemeji. Makalio yanakaa tu."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka nao.

Alikuwa na tabia moja niliyoiona ya kipuuzi. Kila kiti alichomaliza alikikalia kabla ya kukitoa, tena si kukaa hivi hivi. Alimuuliza mwenye gari: nani anakikalia zaidi, ni mnene au mwembamba, mgongo wake mzima au mbovu, anaegemea dirisha au anakaa wima? Akishajibiwa, anakikalia kama mtu huyo. Nimemwona akikaa kama mama mjamzito, kama mzee wa goti bovu, kama dereva wa masafa anayejinyoosha usingizi. Anajisogeza, anasikiliza, anainuka, anaongeza sponji konzi moja. "Kiti hakijulikani kwa macho," alikuwa akisema. Mimi nilikuwa nikimwangalia huku nimeuma koleo mdomoni, na moyoni nasema, huyu mama ana muda wa kuchezea.

Asubuhi ninayoisimulia alikuja mwoka mikate. Alikuwa na unga kwenye nyusi hata siku asizofanya kazi. Gari lake la zamani tulilijua, maana wiki iliyotangulia shemeji alikuwa amekitengeneza upya kiti cha nyuma, springi na kila kitu. Alikuja na binti yake wa miaka tisa, sanduku la shule la bati, na amplifaya mpya ndani ya boksi, pamoja na spika kubwa.

"Saa sita tunaondoka," akaniambia. "Nampeleka shule ya bweni. Ni mwendo wa saa saba, na tukiachana pale, mpaka miezi mitatu."

"Safari ndefu bila muziki haiendi," nikamwambia, nikijiona nimesema jambo.

"Hasikii," akasema. "Tangu ile homa ya utotoni. Ni shule ya wenzake."

Nikaigeuzageuza bisibisi mkononi. Mwoka mikate akaniona nilivyochanganyikiwa, akatabasamu.

"Nyumbani analikumbatia friji," akasema. "Friji likianza kunguruma, anakuja mbio kutoka chumba kingine, sijui anajuaje, analikumbatia mpaka linyamaze. Nimemwahidi kwamba leo njia nzima atakuwa na ngoma mgongoni. Spika iwe nyuma yake hasa. Nisipotimiza hili, fundi, namwacha kule na nini?"

Aliyasema maneno hayo huku akipangusa mikono iliyokuwa haina kitu. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa na mtoto anayetambaa.

Binti hakutusubiri tumalize. Alikuwa keshafika mwisho wa kibanda na kuweka viganja viwili juu ya meza ya cherehani. Shemeji alimtazama, akaacha kiti alichokuwa akikishona, akachukua kipande cha kitambaa kibovu na kukipitisha kwenye sindano. Akashona taratibu, halafu mbio, halafu taratibu tena, halafu akasimama ghafla. Binti akacheka, sauti nzito iliyotoka tumboni. Shemeji akaanza upya. Alikishona kitambaa kile mpaka hakikubaki na nafasi ya uzi.

Nami nikaingia kazini. Amplifaya inakaa kwenye buti, betri iko mbele, kwa hiyo lazima waya mnene utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi, uingie ndani na kutambaa chini ya kapeti hadi nyuma. Fyuzi, kwa asiyejua, ni kijiwaya chembamba ndani ya kikasha, kilichowekwa kife ili gari lipone. Umeme ukizidi au ukipotea njia, kinaungua chenyewe na kila kitu kinazimika. Njia nzuri ya waya ni pembeni, kwenye ukingo wa milango, lakini huko sharti ufungue vibao vinne na skrubu zaidi ya kumi. Njia ya mkato ni katikati, chini kwa chini, ukipenya chini ya kiti cha nyuma. Kwa sababu ya ile saa mbili yangu ya kujisifia, nikapita katikati.

Nikarudisha kiti, nikaunganisha betri, nikawasha. Ngoma ikapiga hadi kopo la chaki likatembea juu ya meza. Nikaita. Mwoka mikate na binti yake wakaingia nyuma kujaribu, baba akaketi, mtoto akajiegemeza, na palepale kukawa kimya.

Fyuzi imekatika. Jambo la kawaida. Nikasema ni fyuzi mbovu. Nikaweka ya pili. Safari hii nilikaa mbele nikaliacha lipige robo saa nzima, safi kabisa. Wakaingia. Kimya.

Nikailaumu amplifaya. Nikailaumu spika. Nikamuuliza mwoka mikate aliinunua wapi, kwa sauti ya kumlaumu na yeye pia. Nikang'oa kiti, nikapima kila kiungo kwa mita, nikakwangua rangi pale waya wa chini unapofungwa kwenye bodi, na mita ikaniambia hakuna kosa. Nikarudisha kiti, nikaweka fyuzi ya tatu, ikadumu mpaka mwoka mikate alipopakia sanduku la bati kwenye kiti. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Sasa nasema waziwazi: niliogopa. Siogopi kusema hivyo leo. Saa tano ilikuwa imeshapita. Nilibakiwa na fyuzi moja ya ukubwa ule, na duka la vipuri siku hiyo lilikuwa limefungwa. Binti alikuwa amesimama kando ya gari, kiganja juu ya kioo cha nyuma, akisubiri kitu alichoahidiwa kirudi. Baba yake akamwambia jambo kwa mikono, mtoto akamjibu kwa mikono, kisha baba akanigeukia. "Tunakwenda kunywa chai hapo ng'ambo, fundi. Nakuamini."

Walipovuka barabara nikaokota pakiti tupu ya sigara iliyokuwa karibu na pipa la mafuta. Ndani yake mna ile karatasi ya kung'aa kama fedha. Kila fundi anaijua hila hiyo na kila fundi anakana kuijua: unaizungushia fyuzi, na fyuzi haikatiki tena. Umeme ukipotea njia unaendelea tu kupita, mpaka kitu kingine kiungue badala yake. Nilijiambia ni mwendo wa saa saba tu. Nikajiambia nitamwomba akirudi alipitishe gari nilitazame vizuri. Nikaizungushia ile ya nne, nikaibana mahali pake, nikafuta vidole kwenye suruali.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Sijui ilinyamaza lini. Niligeuka nikamwona shemeji amesimama katikati ya kibanda, mkanda wa kupimia shingoni, akitazama vidole vyangu. Alikuwa ameishi miaka mingi kati ya mafundi, hakuhitaji kuelezwa. Alinipita, akafungua mlango wa nyuma, akakaa mahali pa binti. Akajisogeza kidogo kulia, akakunja magoti kama mtoto, akaegemeza mgongo pale ambapo spika ingepiga. Alikaa kama alivyokaa kwenye viti vyote, kama mwenye kiti.

"Unganisha, shemeji."

Nilikileta kibanio hadi juu ya kichwa cha betri. Kilibaki pengo la ukucha. Niliona kwa kioo uso wake mtulivu, kitambaa chake cha kichwa chenye vumbi la sponji, na nikajua kwamba akikaa pale yeye, dada wa mke wangu, siwezi. Na kama siwezi kwa yeye anayejua kilichomo, nilikuwa naweza vipi kwa mtoto ambaye, moshi ukianza chini yake, hata kelele za baba yake asingezisikia?

Nikaondoa mkono. Nikasema, "Shuka, shemeji. Tafadhali shuka."

Akashuka. Nilisubiri mahubiri, nikawa tayari kuyameza yote. Lakini alichosema ni, "Haya. Itoe hiyo takataka, halafu uniambie. Kila ilipokatika, nani alikuwa wapi?"

"Sijaangalia nani alikuwa wapi. Nilikuwa naangalia mita."

"Mimi niliangalia. Mara ya kwanza waliketi. Mara ya pili waliketi. Mara ya tatu, sanduku. Ukikaa mbele peke yako, inapiga." Akavua mkanda wa kupimia. "Kiti hiki nilikitengeneza mimi wiki iliyopita, na springi ni mpya. Kama ugonjwa uko kwenye kiti, basi ni wangu. Tuanze na kwangu."

Maneno hayo matatu, tuanze na kwangu, sikuwahi kuyatoa kinywani katika miaka kumi na mmoja ya ufundi. Nilikuwa nimelaumu fyuzi, amplifaya, spika, muuzaji na mteja. Yeye, ambaye hata hajaguswa na lawama, alikuwa anaanza kwake.

Tukakitoa kiti, tukakipindua. Shemeji akaenda kwenye kopo lake, akachagua chaki ya buluu, akapiga magoti na kuanza kupaka. Alipaka kila springi kwa chini, kila fito ya chuma, kila ncha, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Ndivyo alivyokuwa akifanya kwenye kazi zake, akaniambia, akitaka kujua kiti kinasugua wapi. Niliona haya kwamba tulikaa kibanda kimoja miaka miwili na sikuwahi kuuliza ile chaki ya buluu ni ya nini.

Tukarudisha kiti. Betri haikuwa imeunganishwa. "Sasa kaa," akasema. Tukakaa wote wawili, bega kwa bega, tukarukaruka kama watoto kwenye kitanda cha wageni. Kama mke wangu angetokea wakati ule ningekuwa na mengi ya kueleza. Shemeji akaanza kucheka, na mimi, niliyekuwa karibu kulia dakika tano kabla, nikacheka pia.

Tulipokiinua tena, kapeti ilikuwa na alama za buluu, nyingi zikiwa hafifu. Moja tu ilikuwa nzito, mstari mfupi uliokaza, umekata katikati kabisa juu ya mgongo wa waya wangu.

"Mtaka cha mvunguni," akasema shemeji, akinipisha.

Nikainama. Nikapasua kapeti pale penye buluu. Mpira wa waya ulikuwa umechanika kama ganda la kidonda, shaba inaonekana, na pembeni yake kuna doa jeusi la kuungua, dogo kama mbegu ya papai. Springi ilikuwa ikishuka mtu anapokaa, inagusa shaba, umeme unamwagika kwenye bodi na fyuzi inakufa. Mtu akiinuka, springi inapanda na kila kitu kinakuwa kizima. Na kila nilipotafuta ugonjwa, nilikuwa nimeshang'oa kiti chenyewe na kukiweka nje. Kiti cha shemeji hakikuwa na kosa lolote. Waya ndio uliokuwa umelazwa mahali pasipo pake.

Alijua hivyo mara tu alipoiona shaba. Alirudi kwenye cherehani, akakata ukanda wa ngozi uliobaki kwenye kazi za watu, akaushona ukawa mfuko mrefu mwembamba. Mimi nilifungua vibao vinne na skrubu zote kumi na nne, nikaondoa waya ule, nikaweka mwingine mzima, nikaupitisha pembeni kama inavyotakiwa. Pale unapokaribia chuma cha kiti, tukauvika ile ngozi. Mishono yake ilikuwa midogo na sawasawa, ingawa hakuna mtu ambaye angekuja kuiona chini kule.

Mwoka mikate aliporudi, shemeji alianza, "Baba, kiti changu kilikuwa kinaubana..."

"Hapana," nikasema. "Waya niliupitisha vibaya mimi. Kiti chake kilikuwa kizima. Tumechelewa kwa sababu yangu."

Hilo nililisema, na nafurahi nililisema. La karatasi ya sigara sikumwambia, si siku ile wala baadaye. Nalisema leo kwa mara ya kwanza.

Nikaweka fyuzi ya nne, ikiwa uchi kama ilivyotoka kiwandani. Sanduku likapakiwa, baba akakaa, binti akakaa, tena akajitupa kwa nguvu kama mtu aliyechoka kuambiwa asubiri. Ngoma ikapiga. Nilimwona akikaza macho mbele, kisha akayafumba. Akauegemeza mgongo wote, na kisogo, na viganja viwili akavibandika kwenye kiti, kwenye ngozi aliyoishona shemeji. Saa saba na robo waliondoka. Lile gari tulilisikia mpaka kona ya pili, na shemeji alisimama mlangoni mpaka lilipoacha kusikika.

"Masikio yanachoka," nikamwambia.

"Rudi kazini, shemeji," akasema, "umejaza skrubu sakafuni."

Waya wangu nilianza kuupitisha pembeni tangu siku ile, na ile habari ya saa mbili nikaiacha. Wapo wateja walionikimbia kwa sababu nachelewa. Ndani ya sanduku langu la vifaa mna kipande cha chaki ya buluu, na vijana ninaofanya nao kazi wamekizoea. Gari likikamilika, kabla ya kumpa mwenyewe, nakaa kiti cha nyuma, naegemea, nawaambia waunganishe. Wanadhani nasikiliza muziki.

Shemeji aliacha kazi miaka sita iliyopita, macho yalipokataa kuona tundu la sindano. Cherehani yake bado iko kwenye kona yake, imefunikwa shuka, na sijampa mtu kona ile. Nilijaribu mara kadhaa kumwambia lile lililokaa moyoni, na kila mara likaishia kwenye utani, maana ndivyo tulivyozoeana.

Mwezi uliopita alinijia na gari la mwanawe wa mwisho. "Mwanangu anataka amplifaya," akasema, "na nimemwambia namjua fundi mmoja, mzito kidogo lakini ni fundi." Nilimpa kiti mlangoni, chai ikaletwa, ikapoa. Nilifanya kazi ile siku nzima. Nilipomaliza nikakusanya vifaa, nikafungua boneti, nikashika kibanio.

Nilikuwa sijamwita. Nilisikia tu mlango wa nyuma unafunguka na kujifunga. Alikuwa amekaa upande wa kushoto, mikono juu ya mapaja, macho yake yenye ukungu yakinielekea bila kuniona sawasawa.

"Unganisha, shemeji."

Nikaunganisha.